Swichi Ikianguka, Uliza Kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika jarida letu la muhula huu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni kuanguka kwa swichi ya taa nyumbani. Najua kurasa hizi hupokea mambo makubwa: nidhamu, michezo, faida ya elimu na wajibu wa kijana kwa nchi yake. Walakini mimi naona kuwa mambo hayo yote yamo ndani ya hili dogo. Tena sisemi kwa kusikia. Nasema kwa sababu nimekosa mwenyewe, na kosa langu lilikaribia kuiteketeza nyumba ya baba yangu huku mtoto mchanga akiwa amelala ndani yake.

Maoni yangu ni haya. Swichi ya ulinzi, ambayo mafundi huiita saketi breka, ikianguka, aghalabu haijaharibika, bali imetimiza kazi iliyowekewa. Mtu anayeinyanyua tena na tena bila kuuliza sababu, au anayeitoa na kuweka nyingine kubwa zaidi, ni sawa na tajiri anayemfukuza mlinzi kwa kosa la kumwamsha usiku. Atalala vizuri siku hiyo, lakini mwizi naye atakuwa amepata nafasi.

Sasa nieleze yaliyotupata. Kwetu ni Tanga, katika nyumba ya zamani yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Uani kuna chumba kilichoongezwa mwaka jana, na humo anakaa dada yangu mkubwa, aliyerudi nyumbani kujifungua. Karibu na mlango wa mbele, ukutani, liko boksi la swichi. Ndani yake mna swichi kuu, swichi za soketi na swichi moja ya taa zote, iliyoandikwa amperi 6.

Nilifika likizo fupi ya masika, mvua ikinyesha mchana na usiku. Usiku wa kwanza, baada ya magharibi, taa zote zilizimika, lakini friji iliendelea kunguruma. Bibi akasema, "Swichi imeanguka tena. Tangu mvua zianze ndiyo hali yetu." Nikainyanyua, taa zikawaka. Baada ya dakika kumi hivi ikaanguka tena, nikainyanyua tena. Usiku wa pili mambo yakawa yale yale, na usiku wa tatu vile vile.

Hapo, ndugu zangu wanafunzi, kiburi kikaniingia. Mimi ndimi msomi wa nyumba. Nimesoma Fizikia, najua amperi ni nini, volti ni nini. Nikamwambia Baba mbele ya watu wote kwamba swichi ile ni ndogo, tena imechoka, na kwamba nyumba imeongezwa taa ilhali swichi ni ile ile ya zamani. Baba si mtu wa kukubali upesi, lakini nilipotaja amperi alinyamaza, akanipa fedha. Nikaenda dukani nikanunua swichi ya amperi 20. Nilizima swichi kuu, nikafungua boksi, nikaitoa ile ndogo na kuitia hii kubwa. Usiku ule taa hazikuzimika. Bibi akanibariki. Nami nililala nikijiona mtu.

Siku ya nne baada ya hapo, kabla ya saa mbili usiku, Dada alipiga kelele kutoka uani. Alisema anasikia harufu ya plastiki inayoungua. Tulipofika tuliona ubao wa dari umeanza kuwa mweusi juu ya kitanda alicholala mtoto, na moshi mwembamba unatoka kwenye ufa. Baba alikimbia akazima swichi kuu, nyumba nzima ikawa giza. Mama alimchukua mtoto akamtoa nje mvuani, amemfunika kanga. Tulikaa barazani bila kusema neno, hata moshi ukaisha. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini sitasahau jinsi mtoto yule alivyokuwa akikohoa.

Asubuhi Baba alimwita jirani yetu, mzee aliyekuwa fundi wa umeme, ambaye sasa amestaafu. Nilidhani atapanda darini mara moja. Kumbe sivyo. Aliketi, akapokea kahawa, akaanza kuuliza. Swichi ilikuwa ikianguka saa ngapi? Jioni. Kila siku saa hiyo hiyo? Karibu saa hiyo hiyo. Ilianguka pale pale taa zinapowashwa au baada ya muda? Baada ya muda. Nyumbani kumeongezwa nini tangu mwaka jana? Chumba cha uani. Ilipoanguka, nani mwingine alikosa umeme?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotufungua macho. Dada alisema, "Hata mimi nilikuwa nakosa. Hita yangu ya maji ilizima kila mara. Nikadhani umeme umekatika mtaa mzima." Yeye alikuwa amefunga mlango kwa sababu ya mvua, sisi tulikuwa mbele gizani, wala hapana aliyemwuliza mwenzake.

Mzee ndipo alipopanda darini. Alikuta kwamba fundi aliyeweka soketi katika chumba cha uani hakuvuta waya kutoka kwenye boksi. Alichukua umeme kwenye waya wa taa ya barazani kwa kuunga waya mwembamba, wa milimita za mraba 0.75, akausokota kwa mkono na kuufunga kwa utepe. Masika mkaa ulikuwa umelowa. Kwa hiyo kila jioni Dada alitumia hita ya wati 2000 kuchemsha maji ya kumwogesha mtoto. Swichi haikuanguka kwa sababu ya mvua wala kwa sababu ya uzee. Ilianguka kwa sababu ya ndoo ya maji ya moto.

Sasa tazameni aibu yangu. Hesabu yenyewe ni ya Kidato cha Pili. Taa za nyumba yetu ni 14, kila moja wati 9. Jumla ni wati 126. Gawanya kwa volti 230, utapata kama amperi 0.55. Yaani taa zote zikiwaka kwa pamoja hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya amperi 6! Mtu aliyefanya hesabu hiyo angejua mara moja kuwa taa haziwezi kuizidi swichi ile, na kwamba lazima kuna kitu kingine kinachokula umeme kwa kujificha. Hita ya wati 2000 peke yake hutaka kama amperi 8.7. Ukijumlisha na taa ni amperi 9.2 au zaidi kidogo. Kwa kanuni ya kimataifa ya swichi hizi za nyumbani, swichi ya amperi 6 sharti ikate ndani ya saa moja umeme ukifika mara 1.45 ya kiasi chake, ambayo ni amperi 8.7. Basi swichi yetu ilikuwa ikifuata kanuni barabara, nami nikaihukumu kuwa mbovu.

Na ile yangu ya amperi 20 je? Kwa kanuni hiyo hiyo haikulazimika kukata mpaka umeme ufike amperi 29. Usiku ule Dada alikuwa na hita ndani ya ndoo, na mtu mwingine akachomeka pasi ya wati 1000 pale pale. Waya ule mwembamba, ambao kwa kawaida hupewa amperi 6 tu, ulibebeshwa amperi 13. Ukapata moto, kiungo kile cha kusokota kikapata moto zaidi, plastiki ikayeyuka. Swichi kubwa ilitazama yote hayo isiseme kitu, maana niliiweka mimi nayo haikuona kosa. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa namba iliyoandikwa kwenye swichi si sifa ya ukubwa wake. Ni namba ya kuulinda waya ulio nyuma yake. Ukiongeza namba bila kubadili waya, hukuongeza nguvu, umeondoa ulinzi.

Nataka nieleze kidogo namna swichi hii inavyofanya kazi, kwa maana nimegundua kuwa tunayo madaftarini mwetu bila kujua. Ndani yake mna walinzi wawili. Wa kwanza ni kipande cha metali mbili tofauti zilizogandamana. Umeme ukizidi kidogo, kipande hupata joto. Metali moja hutanuka kuliko nyingine, kipande hupinda polepole, na mwisho huifungua swichi. Huyu ni mlinzi mvumilivu. Husubiri dakika kadhaa aone kama mzigo utapungua. Wa pili ni koili, yaani sumaku ya umeme. Nyaya mbili zikigusana, yaani umeme ukipiga shoti, mkondo hupanda ghafula, koili huvuta, na swichi hukata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Huyu hana subira. Ubunifu wa namna hii si mpya: hati ya uvumbuzi ya Ujerumani ya mwaka 1924 inamtaja mhandisi Hugo Stotz. Mimi nilichora kile kipande cha metali mbili katika mtihani, nikaandika kwamba hutumika katika pasi na kengele ya moto, nikapata alama zote. Kumbe kilikuwa ukutani kwetu miaka yote, nami nilikitoa kwa bisibisi nikakitupa kwenye droo.

Kwa kuwa walinzi ni wawili, namna ya kuanguka kwa swichi ni maneno yanayosomeka. Ikianguka pale pale unapoinyanyua, jua kuna shoti. Ikikaa kitambo ndipo ianguke, jua mzigo umezidi. Ikianguka unapowasha taa moja tu, kosa li katika taa hiyo, au holda yake, au waya wake. Ikianguka siku za mvua peke yake, tazama taa za nje na mahali paezeko panapovuja. Ziko pia swichi za namna nyingine, ambazo hutazama umeme unaovuja kwenda ardhini au katika mwili wa mtu. Nyingi za majumbani hukata uvujaji ukifika sehemu 30 tu za elfu za amperi moja. Hiyo ikianguka, usicheze nayo kabisa.

Mzee alitufundisha utaratibu, nami nauandika hapa upate kuwafaa wengine. Kwanza, nusa na usikilize. Kama pana harufu ya kuungua, au boksi lina joto, au unasikia mlio wa kukaanga, zima swichi kuu, uite fundi, usijaribu kitu. Kama hapana dalili hizo, hakikisha mikono ni mikavu na umesimama pakavu, tena umeshika tochi, si mshumaa. Zima swichi za taa zote nyumbani, na uchomoe kila kitu kilichokosa umeme pamoja na taa. Kisha ishushe swichi iliyoanguka mpaka chini kabisa, ndipo uinyanyue, maana nyingi hazikamati mpaka zishushwe kwanza. Ikianguka ilhali taa zote zimezimwa, basi kosa li katika nyaya zenyewe, iache chini. Ikikaa, washa taa moja, ungoje; washa ya pili, ungoje; na kuendelea. Taa itakayoiangusha ndiyo yenye kosa. Izime hiyo, uwashe zilizobaki, na asubuhi fundi ataanza kazi akijua pa kuanzia. Kama taa zote zimewaka na swichi haikuanguka, hapo sharti uhesabu wati na kuuliza watu wa nyumba wanatumia nini, wapi, saa ngapi.

Najua watakuwapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Umeme si kazi ya watoto. Mwachieni fundi." Hao nakubaliana nao zaidi ya nusu. Mimi sikupaswa kulifungua boksi lile, na namsihi kila mwanafunzi asifanye nilivyofanya hata kama ana alama za juu kiasi gani. Lakini kuuliza si kufungua boksi. Kujua saa iliyoanguka, kuhesabu taa, kuzima moja na kuwasha nyingine, hakuhitaji koleo wala bisibisi. Tena tukumbuke kuwa aliyeunga ule waya mwembamba naye aliitwa fundi. Mwenye nyumba asiyejua kuuliza hana namna ya kumpambanua fundi wa kweli na mtu wa kusokota nyaya.

Wa pili watasema kuwa fundi ana gharama, na swichi kubwa ni rahisi. Ni kweli dukani ni rahisi. Lakini kwetu bei yake ilikuwa mbao za dari, nyaya mpya za chumba kizima, siku tano za kukaa na koroboi, na usingizi wa mama mmoja ambaye mpaka leo huamka usiku kunusa dari. Aliyesema rahisi hugharimu hakukosea.

Wa tatu ni sisi wenyewe humu bwenini. Sitaki kumtaja mtu, lakini wote twajua kwamba wako wanaochukua umeme kwenye holda ya taa ili kunyoosha mashati yao Jumapili asubuhi, na swichi ya bweni ikianguka hutumwa mdogo wa Kidato cha Kwanza akainyanyue kwa ufito. Tunacheka. Nami nilikuwa nikicheka. Siku hizi kila ninaposikia mlio ule wa kuanguka hutazama juu darini kwanza, halafu nahesabu vitanda.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa walimu wetu wa Fizikia, nalisema kwa heshima. Tunapomaliza somo la umeme, kila mwanafunzi apewe kazi ya likizo: ahesabu taa za nyumbani kwao, au za jirani kama kwao hakuna, asome wati zake, asome namba ya swichi inayozilinda bila kufungua kitu, na afanye hesabu. Kisha aandike kwenye vipande vya karatasi ni swichi ipi ya nini, na wazazi wakiridhia avibandike kando ya boksi. Kazi hiyo haina gharama. Kwetu vipande hivyo vilikuwa vimekwisha bandikwa kabla sijarudi shuleni, na maandishi ni ya Bibi, ambaye alikataa niandike mimi.

Nimalizie na jambo moja. Mzee alipomaliza kuvuta waya mpya kutoka kwenye boksi mpaka chumba cha uani, na kuuwekea swichi yake peke yake, alinigeukia akasema, "Mjukuu wangu, ile ndogo uliiweka wapi?" Nilikwenda kuitoa kwenye droo. Aliipangusa kwa shati lake, akaijaribu, akairudisha mahali pake. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Siku zote zile hakunigombeza hata neno moja. Siku hiyo aliniuliza tu, "Ulisema ile ilikuwa mbovu?"

Nikajibu, "Haikuwa mbovu, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake msikitini. Ndugu zangu, adhabu ya fimbo huisha jioni. Swali lile ninalo mpaka leo. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kuwa msomi asiyeuliza ni hatari kuliko mjinga, kwa sababu mjinga hapewi fedha ya kununua swichi.



Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu